Wasomaji Wanauliza: Mashairi ya Kisasa na Jamii Inayobadilika

Katika toleo lililopita tuliwaomba wanaochunguza ushairi watuandikie pale wanapokwama. Barua nyingi zimetoka kwa wanafunzi wa uzamili na walimu wa sekondari, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: shairi linawezaje kusimama kama ushahidi kwamba jamii imegeuka? Tumechagua nane. Maswali tumeyafupisha na majina tumeyaweka pembeni.

Pendekezo langu la tasnifu lina kichwa "Ushairi wa kisasa na mabadiliko ya jamii Afrika Mashariki". Msimamizi amelirudisha mara mbili, anasema ni pana mno. Nilipunguze vipi bila kuliua?
*Mwanafunzi wa uzamili, Kampala*

Msimamizi wako ana haki. "Mabadiliko ya jamii" hayashikiki mpaka uyape jina. Chagua badiliko moja lenye kabla na baada: ardhi ya ukoo kuuzwa vipande vipande, vijana kuhamia mjini, Kiswahili kuingia darasani, wanawake kushika biashara sokoni. Ukishapata moja, amua kama utamfuata mtunzi mmoja kwa muda mrefu au watunzi kadhaa wa kipindi kimoja. Ukichanganya njia hizo mbili, hutajua kama tofauti unayoiona imetokana na wakati au ni tabia ya mtunzi tu.

Kwa njia ya kwanza, Euphrase Kezilahabi, mtunzi wa Tanzania, anafaa sana. *Kichomi* ilitoka 1974, *Karibu Ndani* 1988, *Dhifa* 2008. Hiyo ni miaka 34, diwani tatu na kalamu ile ile, na Tanzania ya kila diwani ni nyingine. Mwaka 1974 watu walikuwa wanahamishiwa vijiji vya ujamaa. Mwaka 1988 nchi ilikuwa imeshakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa na masharti yanauma. Mwaka 2008 ni enzi ya soko huria na vyama vingi. Kwa njia ya pili, chukua miaka ya 1970 peke yake: *Sauti ya Dhiki* ya Abdilatif Abdalla (1973), *Kichomi*, na *Malenga wa Bara* ya Kahigi na Mulokozi (1976).

Kwa shahada ya uzamili, mashairi 40 hadi 60 yanatosha. Ukizidisha hapo utaanza kusoma vichwa vya mashairi badala ya mashairi. Na swali lako liwe linaloweza kujibiwa "hapana". "Ushairi huakisi jamii" haliwezi kukanushwa, kwa hiyo halichunguziki. "Je, nafsi ya *sisi* inapungua na ya *mimi* kuongezeka kutoka diwani ya kwanza hadi ya tatu?" linachunguzika, na hata jibu likiwa hapana utakuwa na tasnifu.

Wanafunzi wangu wa Senior 5 wanaamini shairi lisilo na vina ndilo la kisasa, na lenye vina ni la kizamani. Niwajibu nini?
*Mwalimu, Jinja*

Wape *Sauti ya Dhiki*. Abdilatif Abdalla alifungwa nchini Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake "Kenya: Twendapi?", na mashairi ya diwani hiyo aliyatunga gerezani. Vina vimekamilika, mizani imetimia, lugha ni ya Mombasa hasa. Waulize basi: mfungwa wa kisiasa anayeihoji serikali ya nchi iliyopata uhuru miaka michache tu nyuma ni wa kizamani kwa lipi?

Kisha warudishe kwenye ugomvi wenyewe, maana wanafunzi wengi wanausikia jina tu. Amri Abedi alichapisha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954. Alichokiandika ni desturi ya watunzi aliowajua, lakini baada ya muda kikashikwa kama katiba. Kezilahabi alipokuja na *Kichomi* bila vina wala mizani ya kudumu, wapo waliosema hayo si mashairi hata kidogo. Watu husimulia mjadala ule kama wa vijana na wazee. Sisi tunaona kuna jambo zito zaidi ndani yake. Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Viktoria, ziwa hili hili tunalokunywa maji yake hapa Jinja na Entebbe, na lugha yake ya kwanza ilikuwa Kikerewe. Swali lililokuwa chini ya vina ni la umiliki: mtu wa bara, aliyejifunza Kiswahili shuleni, ana ruhusa ya kuamua shairi la Kiswahili liwe na sura gani? Kwa hiyo umbo lenyewe lilikuwa badiliko la jamii, hata kabla hujasoma neno moja la maudhui. Mwanafunzi wa Uganda ana sababu ya kulielewa hilo kuliko wengi.

Darasani, acha kuuliza "ni la kisasa au la kijadi?" Uliza: umbo hili linamruhusu msemaji kusema nini, na linamzuia kusema nini? Waonyeshe pia mashairi ya kati, yenye kituo (mshororo wa mwisho wa ubeti) kinachorudiwa lakini mizani imeachwa, na yale ya Kithaka wa Mberia ambamo namna maneno yalivyopangwa ukurasani ni sehemu ya maana.

Nikihesabu mizani mara napata 15, mara 17, na mwenzangu anapata 16. Kosa ni letu au la mtunzi?
*Msomaji, Bombo*

Karibu kila mara kosa ni la anayehesabu, na karibu kila mara liko kwenye *m* na *n*. Tumetunga ubeti huu kwa ajili ya zoezi:

Shamba letu niliuze, pikipiki ninunue,
Jembe chini nililaze, Kampala inichukue,
Mama asiniulize, barabara niijue,
Tajiri asiniuze, mkopo niutatue.

Kila mshororo una mizani 16: nane za ukwapi (kipande cha kwanza), nane za utao (kipande cha pili). Mshororo wa kwanza huhesabiwa hivi: sha-mba-le-tu-ni-li-u-ze, pi-ki-pi-ki-ni-nu-nu-e. Ukitenga *m* ya "shamba" ukasema sha-m-ba, unapata 17. Mshororo wa nne ni ta-ji-ri-a-si-ni-u-ze, m-ko-po-ni-u-ta-tu-e. Hapa *m* ya "mkopo" inasimama peke yake. Ukiimeza ukasema mko-po, unapata 15. Hizo ndizo namba zako mbili. *M* ya "shamba", "jembe" na "Kampala" hutamkwa pamoja na konsonanti inayofuata. *M* ya "mkopo", "mtu" na "mti" ni silabi kamili, na *n* ya "nchi" vilevile. Ukisikia shaka, tamka neno kwa kupiga kofi kila silabi. Wenye Kiswahili cha Kongo, wanaosema "mutu" na "mukopo", hupata hesabu sahihi hapa bila kujua kanuni.

Irabu mbili zinazofuatana ni mizani mbili: "niijue" ni nne. Maneno ya kukopa yenye konsonanti isiyo na irabu, kama "daktari" na "Alhamisi", ndiyo yenye utata. Watunzi wengi huihesabu konsonanti hiyo kama mizani moja (da-k-ta-ri, nne), lakini usibuni. Tazama mtunzi wako anavyofanya katika beti tatu au nne zilizonyooka, kisha ushike hesabu yake hadi mwisho wa diwani.

Kabla ya kumlaumu mtunzi, angalia pia kama amefupisha neno kwa makusudi (inkisari) au amelirefusha (mazida). Na mshororo wa mwisho ukiwa mfupi katika kila ubeti, hilo ni shairi la msuko, limekusudiwa hivyo. Kanuni tunayoitumia ni rahisi: mshororo mmoja ulioharibika kati ya arobaini, shuku mpiga chapa; mishororo mingi iliyoharibika mahali pale pale, tafuta kusudi.

Sasa, kwa nini uhesabu? Kwa sababu mizani huonyesha mtunzi alilazimika kuchagua nini. Katika ubeti huo, neno "letu" limetokea mara moja tu, kwenye shamba. Baada ya hapo kila kitu ni *ni-*: ninunue, nililaze, inichukue, niijue. Mali ya watu wengi inaingia mshororo wa kwanza ikiwa ya wote, na haitoki tena. Kisha "niliuze" ya mwanzo inarudi mwishoni ikiwa "asiniuze": aliyeuza sasa anaogopa kuuzwa. Kina cha *-ze* ndicho kilichoyaunganisha maneno hayo mawili masikioni. Mtu anayesema tu kwamba "shairi linazungumzia vijana kuhamia mjini" amepitwa na hayo yote.

Linganisha na jambo lile lile bila arudhi, yaani bila kanuni za vina na mizani:

Letu
limekuwa langu
langu limekuwa la benki
na pikipiki inanguruma
kama si yangu.

Hapa "Letu" limepewa mshororo mzima na halina cha kulishika. Huwezi kuhesabu mizani, lakini unaweza kuhesabu maneno katika kila mshororo (1, 2, 4, 3, 3), kutazama mshororo unakatikia wapi, na kuona kwamba mama ametoweka kabisa. Ubeti wa kwanza ulimnyamazisha, huu haumtaji. Ni tofauti ya kuandikwa kwenye daftari.

Nina mashairi 52 na daftari limejaa maelezo, lakini sura yangu ya uchambuzi inasomeka kama muhtasari wa shairi baada ya shairi. Nifanye nini?
*Mwanafunzi, Mbarara*

Funga daftari, fungua jedwali. Kila shairi lipate safu yake ya kulala, na nguzo za kusimama ziwe hizi angalau: mwaka wa kutungwa, mwaka wa kuchapishwa, nani anasema, anamsemesha nani, nafsi inayotawala, njeo ya vitenzi, mahali, umbo, na mshororo ambapo shairi linageuka. Tumetenga miaka miwili kwa sababu watu huichanganya kila siku. Shairi lililotungwa 1970 likachapishwa 1973 haliwezi kuwa jibu la tukio la 1972. Kama mwaka wa kutungwa haupatikani, acha nguzo wazi. Usiujaze kwa kukisia.

Soma kila shairi mara mbili kabla ya kujaza chochote, mara ya pili kwa sauti. Mashairi matano hadi manane kwa siku ni mwendo mzuri. Ukimaliza yote, mpe mwenzako mashairi kumi ayajaze bila kuona majibu yako. Mkitofautiana kwenye matatu au zaidi katika nguzo moja, tatizo si mwenzako: maelezo ya nguzo hiyo yamelegea. Yaandike upya, kisha urudie yote 52 kwa nguzo hiyo. Inachosha, lakini wanaoikwepa hatua hii ndio hukwama mbele ya watahini.

Baada ya hapo usiandike shairi kwa shairi. Panga sura kwa nguzo. Chukua "anamsemesha nani": mashairi mangapi yanamsemesha mzazi, mangapi serikali, mangapi hayamsemeshi mtu? Mgawanyo huo unageukaje kati ya diwani ya kwanza na ya mwisho? Hapo muhtasari hauna nafasi ya kujipenyeza.

Sasa kosa kubwa zaidi: kusoma shairi kama gazeti. Shairi linaweza kulitangulia badiliko, kulipinga, kulitamani, au kulilia jambo ambalo halijatokea kabisa. Kwa hiyo tafuta ushahidi wa nje, kisha uuweke kando ya shairi, usiutumie kulithibitisha. Uganda tuna sensa za 1991, 2002, 2014 na 2024, na tuna sheria zenye tarehe. Sheria ya Ardhi ya 1998, kwa mfano, inataka ridhaa ya mwenzi kabla ya mtu kuuza ardhi ambayo familia inaishi juu yake au kula kutokana nayo. Ukikuta mashairi mengi ya baada ya 1998 ambamo shamba linauzwa na mke au mama hana usemi, hujathibitisha kwamba sheria haifuatwi. Umethibitisha kwamba wasemaji wa mashairi hayo wanapenda awe kimya, au watunzi wanataka tuusikie ukimya huo. Lipi kati ya hayo mawili? Jibu litatoka kwenye umbo na sauti ya msemaji, kama anakejeliwa au anaungwa mkono. Sheria haitakusaidia hapo.

Na jambo moja la haraka: nadharia ije baada ya jedwali. Mwenye kuanza na nadharia huchagua mishororo inayoitii.

Nataka kuandika juu ya Wimbo wa Lawino. Kiacholi ni lugha ya mama yangu, lakini idara inataka tasnifu ya Kiswahili. Nitumie tafsiri?
*Mwanafunzi, Gulu*

Tumia matini zote tatu, maana una bahati ambayo wengi hawana. Okot p'Bitek, mzaliwa wa Gulu (1931), alianza kwa Kiacholi. Hata hivyo toleo la Kiingereza ndilo lililotangulia kutoka, Nairobi, 1966. *Wer pa Lawino* ilifuata 1969, na *Wimbo wa Lawino*, tafsiri ya Paul Sozigwa, 1975. Kwa hoja, mpangilio wa sura na tabia za wahusika, nukuu Kiswahili. Kwa sauti, mapigo na namna wimbo unavyomshambulia mtu, rudi kwenye Kiacholi na uweke tafsiri yako chini yake, ukisema wazi kuwa ni yako.

Tahadhari ni moja, lakini ni kubwa. Lawino si ripoti ya mwanamke wa Kiacholi. Ni mke aliyeachwa, ana ushindani na Clementine, mwanamke wa kisasa anayependwa na mumewe Ocol, na ana kila sababu ya kutia chumvi anaposimulia dansi, nywele, jiko na saa ya mumewe. Ukimsoma bila ugomvi huo unapata orodha ya "mila dhidi ya usasa", jambo ambalo limeandikwa mara nyingi mno. Msome pamoja na jibu la Ocol (*Song of Ocol*, 1970), na uangalie sana sehemu ya siasa, ambapo Ocol na ndugu yake wako vyama viwili vinavyopingana. Hapo badiliko limeingia nyumbani, na Lawino analiona vizuri kuliko wanasiasa wote wawili.

Mwenzangu anasema hakuna maana kuchunguza mashairi ya Kiswahili Uganda kwa sababu raia wengi hawakipendi. Mnasemaje?
*Mwalimu, Koboko*

Hiyo ndiyo sababu ya kuyachunguza. Kiswahili hapa kilikuja kambini tangu enzi za jeshi la kikoloni, na Idi Amin akakitangaza lugha ya taifa mwaka 1973. Wengi walikisikia kwanza kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Marekebisho ya katiba ya 2005 yakakifanya lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ukaanza 2020 na somo hilo likawa la lazima Senior 1 na 2. Julai 2022 baraza la mawaziri likapitisha kulisambaza somo hilo shule zote. Lugha iliyotoka kambini ikapita sokoni hadi darasani ndani ya umri wa mtu mmoja ni badiliko la jamii lenyewe.

Kwa utafiti, ongeza nguzo moja kwenye jedwali: shairi hili linamdhania nani msomaji wake? La kambi lina "afande" na maneno ya amri. La mpakani, Busia au Mpondwe, lina bei, ushuru na magendo. La darasani lina amani, elimu na umoja. Kuwa makini na hili la mwisho. Mashairi ya mashindano ya Siku ya Kiswahili, 7 Julai, hutungwa kwa mada iliyotolewa na walimu. Yanakuonyesha shule inataka nini kisemwe. Maoni ya vijana utayatafuta kwingine.

Nataka kurekodi watunzi kutoka Kongo wanaoghani katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Nianze wapi?
*Mtafiti, Isingiro*

Anza na karatasi, kwa sababu ndizo zinazochelewa. Kwanza kibali cha kamati ya maadili ya utafiti iliyo kwenye chuo chako au inayotambuliwa. Cha pili, usajili katika Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda. Cha tatu, kwa kuwa ni makazi ya wakimbizi, ruhusa ya Ofisi ya Waziri Mkuu, idara ya wakimbizi. Kisha ujitambulishe kwa mkuu wa makazi ukiwa na nakala za barua zote. Mpangilio huo haurukwi. Tenga miezi kadhaa, na usipange safari kwa tarehe ambayo kibali hakijatoka.

Fomu ya ridhaa iwe kwa Kiswahili wanachokisema wao, isomwe kwa sauti, na ruhusa zitengwe: kurekodi sauti, kupiga picha au video, kunukuu shairi kwenye maandishi, kutaja jina. Mtu anaweza kukubali tatu akakataa moja. Ruhusa ya jina ndiyo ngumu. Fomu za kawaida za utafiti huficha kila jina, na kwa mahojiano ya maisha ya mtu hilo ni sawa. Lakini shairi lina mwenyewe. Ukiandika "mtoa taarifa namba 7" chini ya shairi la mtu, umemnyang'anya kazi yake. Mweleze tofauti hiyo, umwache achague, na kama anataka jina la kisanii, hilo ndilo utumie. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Kulinda Data Binafsi na Faragha ya 2019 inakuhusu: orodha inayounganisha majina na rekodi isikae kwenye simu yako.

Kifaa: rekoda yenyewe ni bora kuliko simu, faili liwe WAV, 48 kHz, biti 24. Saa moja ya stereo kwa kiwango hicho hula takribani GB 1, hivyo kadi ya GB 32 inatosha siku kadhaa. Kipaza sauti kiwe sentimita 20 hadi 30 kutoka mdomoni, kando kidogo ili pumzi isipige moja kwa moja, na kiwe na sponji. Adui mkubwa ni mvua kwenye mabati, wa pili ni upepo, wa tatu ni jenereta la jirani. Rekodi asubuhi mapema. Acha sekunde 30 za ukimya mwanzoni; zitakusaidia kusafisha kelele baadaye. Sema tarehe, mahali na namba ya rekodi kwa sauti yako kabla mtunzi hajaanza. Usiku huo huo tengeneza nakala tatu, moja ibaki mahali pengine.

Rekodi shairi lile lile mara mbili kwa siku tofauti, mara moja mbele ya watu na mara moja bila hadhira. Mtunzi wa kughani huongeza na kupunguza kufuatana na nyuso zilizo mbele yake. Beti alizoziruka mbele ya hadhira ndizo zinazoonyesha anachokiogopa, na utazijua kwa kulinganisha tu. Kuandika kutoka kwenye rekodi huchukua saa nne hadi sita kwa kila saa moja ya sauti, na zaidi kama kuna kuimba. Usisahihishe Kiswahili chao kiwe cha kitabu: ukibadili "batu" kuwa "watu" umefuta nchi aliyotoka mtunzi.

Mwisho, usiweke rekodi mtandaoni kwa sababu tu ni nzuri. Mwaka 2019 mahakama ya Kampala ilimhukumu Stella Nyanzi, msomi na mwanaharakati, kifungo cha miezi 18 kwa shairi kuhusu Rais alilolichapisha Facebook. Mahakama Kuu ilibatilisha hukumu hiyo Februari 2020, baada ya yeye kukaa gerezani zaidi ya mwaka. Yeye alichagua mwenyewe kulichapisha. Mkimbizi aliyekughania chini ya mti amekubali usikie wewe, na shairi lake likivuka kwenda kwa wasikilizaji wengine, hatari ni yake, si yako.

Mashairi yanayosambazwa kwenye WhatsApp bila jina la mtunzi yanafaa kwa tasnifu?
*Msomaji, Busia*

Yanafaa, kwa masharti. Hifadhi picha ya ujumbe yenye tarehe na saa, ufute namba na majina ya kundi. Kusanya matoleo yote ya shairi moja unayoyapata, maana kila anayelituma hubadili neno, na mabadiliko hayo ni data bora kuliko shairi lenyewe. Tafuta mishororo miwili ya katikati kwenye intaneti kabla ya kuliita "la mtunzi asiyejulikana". Mshororo wa kwanza hubadilishwa sana, wa katikati hubaki. Ukikuta limetoka kwenye diwani ya mtu, mtaje, na ubeti alioongezewa njiani uutenge ukiwa na alama yake.

Na kama uliingia kwenye kundi hilo kama rafiki, waambie wenzako kwamba sasa unakusanya. Atakayekataa, ujumbe wake hauingii.